Kutofautiana kwa Heshima: Neno la Kusemwa Kikaoni

Yapo maziko tuliyoyashuhudia zamani, tulipokuwa tungali wanafunzi na tumetumwa usharikani kwa mazoezi ya kazi, ambayo hatujayasahau hadi leo. Marehemu alikuwa mkulima. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika uleule, lakini kwa miaka mitatu ya mwisho hakutoa ahadi yake wala hakuonekana mezani pa Bwana. Mchungaji alikuwa safarini, hivyo baraza la wazee likakutana jioni chini ya mzee aliyekuwa mwenyekiti. Alieleza kwamba kwa utaratibu wa usharika mtu wa namna hiyo hazikwi na kanisa, kisha akauliza, "Tumekubaliana, wazee?" Wakaitika, "Ndiyo." Kesho yake familia ilimzika yenyewe, bila mwinjilisti na bila kwaya.

Ndipo tulipoanza kusikia maneno. Mzee mmoja alisema kwamba marehemu aliugua muda mrefu na hakuna mtu wa kanisa aliyekwenda kumtazama. Mwingine alisema kwamba utaratibu huo haukupata kupitishwa na mkutano wowote. Wa tatu alisema waziwazi, "Mimi sikukubali hata kidogo." Tulipomwuliza kwa nini basi aliitika pamoja na wenzake, alitutazama kwa mshangao. "Ningempingaje mwenyekiti mbele za watu? Yule ni mkubwa wangu." Nasi hatukuwa na la kujibu, kwa maana ni sisi tuliokuwa tumeandika katika muhtasari kwamba wajumbe wote walikubali, na moyoni sisi nasi hatukukubali.

Makala hii inakusudia kulichunguza jambo hilo, yaani namna ya kumwambia mwenzetu, hasa aliye mkubwa wetu, kwamba hatukubaliani naye, pasipo kumvunjia heshima. Huonekana kuwa jambo dogo la adabu tu, na halina kipindi chake darasani kama Kiebrania na Kiyunani. Hata hivyo mtu alizikwa bila neno la ufufuo kusomwa juu ya kaburi lake, na wazee walioruhusu hayo hawakuwa watu wenye mioyo migumu. Walikuwa watu wenye adabu. Au tuseme kwa usahihi zaidi, walikuwa na nusu ya adabu: walijua kunyamaza, hawakujua kupinga.

Kiswahili kina maneno mengi ya kuitikia ambayo si ya kukubali. "Haya" yaweza kumaanisha "nimesikia". "Sawa" yaweza kumaanisha "tuyaache hapo". "Tutaliangalia" aghalabu maana yake ni kwamba halitaangaliwa, na "Mungu akipenda" ikitamkwa kwa sauti fulani kila mwenyeji hujua kwamba aliyeitamka hatakuja. Mtu aliyelelewa katika lugha hii huyapima maneno hayo kwa sikio, wala hadanganyiki. Lakini kikao hakina sikio la namna hiyo. Mwenyekiti anapotaka kufunga ajenda, haya na sawa na ndiyo zote huandikwa neno moja, na neno hilo huwa uamuzi. Hivyo upole uleule unaotuwezesha kuishi na majirani bila ugomvi huweza kuwa mtego mahali ambapo jambo linapaswa kuamuliwa.

Wala hatusemi kwamba tuige ukavu wa maneno ili tupate kuwa wakweli. Lugha yetu inazo njia za kupinga, na Maandiko yanazo pia, tena kwa kiasi kikubwa ni njia zilezile. Tuwatazame watumishi wa Naamani katika 2 Wafalme 5. Bwana wao ameghadhibika, amekwisha kugeuka aende zake, nao ni watumishi tu. Kwanza wanamkaribia, hawapazi sauti kutoka mbali. Pili wanamwita baba, ndipo jambo linahamia kutoka jeshini kwenda nyumbani. Tatu hawamwambii kwamba amekosea. Wanamwuliza swali la kudhania: kama nabii angalimtaka atende jambo kubwa, je, asingalilitenda? Jibu wanamwachia mwenyewe. Naamani anashuka mtoni kama mtu aliyeamua, si kama mtu aliyeshindwa. Watumishi wale walimwekea njia ya kurudi isiyo na aibu, na tunafikiri hapo ndipo penye kiini cha adabu yote ya kupinga.

Kiambishi -nge- ni chombo cha thamani kuliko tunavyokifikiria. Mtu akisema, "Lazima tungoje," amempa mwenzake mambo mawili tu, kutii au kugombana. Akisema, "Je, isingefaa tungoje kwanza tusikie familia inasemaje?" amesema jambo lilelile, lakini ameliweka mezani ambapo kila mmoja aweza kulishika. Vivyo hivyo kwa nafsi za vitenzi. "Umesahau kwamba alikuwa mgonjwa" ni mashtaka. "Nadhani tumesahau kwamba alikuwa mgonjwa" ni ukumbusho, na msemaji amejihesabu miongoni mwa waliosahau. Paulo alipomkabili Petro kule Antiokia (Wagalatia 2:11-16) alikuwa na hasira ya haki, tena alisema mbele ya wote. Hata hivyo maneno anayoyasimulia huanza kwa swali, na mara baada ya swali huja "sisi": sisi tulio Wayahudi kwa asili, sisi tuliomwamini Kristo. Wafafanuzi hawakubaliani ni wapi hasa maneno aliyomwambia Petro yanapokoma na mafundisho kwa Wagalatia yanapoanza. Lakini hoja yenyewe imejengwa juu ya mambo ambayo yeye na Petro waliyaamini kwa pamoja.

Mwanamke Msirofoinike (Marko 7:24-30) anatuonyesha njia nyingine. Anaambiwa neno gumu, naye halikanushi. Analikubali kwanza, kisha anaingia ndani ya mfano uleule aliopewa, anaugeuza, na mkate unamfikia binti yake. Wazee wetu husema, "Sikatai, mwanangu, ila..." na kila aliyepata kukaa nao barazani anajua kwamba hoja yote huja baada ya ila. Ustadi ni kwamba kile kinachotangulia ila kiwe cha kweli. Kikiwa ni cha kupamba tu, msikilizaji hukigundua mara moja. Ndiyo maana mjumbe akisimama na kusema, "Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu mkubwa, napenda kutofautiana na mzungumzaji aliyetangulia," watu wote hukaa vizuri vitini kama watazamaji wa mchezo wa ngumi. Maneno hayo yametumika mno kutangulia matusi.

Luther, katika maelezo yake ya amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia katika kukataza uongo na masengenyo. Alitaka tumtetee jirani, tumseme vema, na tuyachukue mambo yake yote kwa upande ulio bora. Tumeizoea sana amri hiyo katika mafundisho ya kipaimara, lakini ni mara chache tunaitumia kama kanuni ya mazungumzo. Ikitumika, humlazimu anayepinga aieleze kwanza hoja ya mwenzake kwa nguvu yake yote. Tukirudi katika baraza lile la wazee, mtu angeweza kusema hivi: "Mzee wangu mwenyekiti, uliyosema nimeyasikia, na ni kweli kwamba wale wanaojinyima ili watoe ahadi huvunjika moyo wakiona asiyetoa anatendewa sawa na wao. Hilo si jambo dogo. Mimi nasumbuliwa na jambo moja tu. Nasikia marehemu aliugua siku nyingi. Je, kama kesho ikionekana kwamba hakuja kanisani kwa sababu hakuweza kutembea, tutawajibu nini watoto wake?" Hakuna neno hapo la kumwudhi mwenyekiti. Lakini baada ya swali hilo kuulizwa, isingekuwa rahisi tena kwa kikao kuitika ndiyo.

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka uleule Luther aliendelea zaidi. Mtu akikuletea habari za kosa la mwingine, alifundisha, umwambie aende akamwonye mhusika mwenyewe, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15. Bali kosa likiwa la hadharani, kuonya kwake nako kwaweza kuwa hadharani. Tunaona kwamba swali la mahali pa kusemea ni zito kuliko swali la maneno ya kutumia. Neno kali lililosemwa mbele ya mhusika huweza kutengenezwa papo hapo. Neno laini lililosemwa nyuma yake, likimfikia, hufika limekwisha kuota miiba.

Mfano mkubwa wa hilo katika historia ya Kanisa unatoka katika bara letu. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko katika nchi ya Algeria, alitofautiana na Yeronimo aliyekuwa akiishi Bethlehemu, na ugomvi wao ulihusu habari ileile ya Antiokia. Yeronimo alikuwa ameandika katika ufafanuzi wake wa Wagalatia kwamba Paulo na Petro hawakugombana kweli, bali walijifanya tu kwa faida ya wasikilizaji. Augustino aliona hatari: kama Maandiko yana uongo wenye manufaa hata mahali pamoja, ni mahali gani patakapobaki pa kutegemewa? Hoja ilikuwa nzito, na alifanya vema kumwandikia mhusika mwenyewe. Barua ndiyo ilikuwa mazungumzo ya watu walio mbali.

Lakini barua ya kwanza haikufika, kwa sababu aliyepaswa kuipeleka alifanywa askofu, na baadaye akafa. Barua nyingine, iliyoandikwa mnamo mwaka 397, ilipotea njiani kwa namna mbaya zaidi: nakala zake zilisomwa na watu huko Italia kabla Yeronimo hajaiona, na shemasi mmoja aliikuta katika kisiwa cha bahari ya Adria. Ndani yake Augustino alikuwa amemshauri mwenzake atunge wimbo wa kujikanusha, kama inavyosimuliwa juu ya mshairi mmoja wa Kiyunani. Yawezekana alipoandika aliona ni utani wa wasomi. Yeronimo, aliyekuwa mzee kuliko yeye na msomi mashuhuri, alisikia kwa wengine kwamba kijana wa Afrika anajitafutia sifa kwa kumshambulia. Alijibu kwa uchungu na kumwonya asimchokoze mzee.

Inafaa kuangalia Augustino alivyofanya baada ya hapo. Aliomba msamaha kwa maudhi aliyoyasababisha, wala hakuificha hoja yake. Katika barua ndefu ya mwaka 405 hivi alirudia sababu zake moja baada ya nyingine, na humo alisema kwamba ingawa kwa desturi ya Kanisa cheo cha askofu ni kikubwa kuliko cha kasisi, katika mambo mengi Augustino ni mdogo kwa Yeronimo. Hayo hayakuwa maneno ya kujipendekeza, kwa maana barua yenyewe ilikuwa inampinga Yeronimo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 415 alimtuma kijana Orosio kwenda Bethlehemu na barua mbili za kuomba ushauri wa mzee huyo katika mambo magumu ya mafundisho.

Wachungaji vijana wanaohitimu na kupangiwa sharika wataitambua hali hiyo upesi. Cheo kimewapanda juu, umri umewaacha chini. Watakutana na mwinjilisti aliyehudumu mtaa mmoja tangu kabla wao hawajazaliwa, naye atawaita "mchungaji" kwa heshima yote, huku akijua mambo ambayo chuo hakikuwafundisha. Ikiwapasa kumpinga, wasimpinge kwa cheo, wala wasimwache kwa sababu ya umri. Wamwendee nyumbani kwake, wamwamkie kama mtoto anavyomwamkia mzazi, wakae, na chai ikinywewa inywewe. Kisha waseme. Kosa tuliloliona mara nyingi ni kuja na hotuba ya kumpinga mwinjilisti siku ya Jumapili mimbarani, mahali ambapo hawezi kujibu. Hapo hata fundisho likiwa sahihi, limepotea.

Wengine watauliza: je, hakuna wakati ambapo upole ni usaliti? Kwa Walutheri jina la Worms huja mara moja, na wengi hudhani kwamba pale upole ulikoma. Habari zenyewe ni tofauti kidogo. Tarehe 17 Aprili 1521 Luther alipoulizwa kama anavikanusha vitabu vyake, hakujibu kwa kishindo. Aliomba muda wa kufikiri, akapewa siku moja. Tarehe 18 alianza kwa kumwomba radhi Kaisari Karolo wa Tano na wakuu waliokuwapo, ikiwa kwa kutojua atakosea vyeo vyao au desturi za ikulu, kwa kuwa yeye ni mtu wa monasteri. Akavigawa vitabu vyake katika mafungu, kwa kuwa jibu moja lisingevitosha vyote. Alikiri kwamba katika vile alivyoandika dhidi ya watu binafsi alikuwa mkali kuliko ilivyompasa mtu wa kazi yake. Akaomba aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko, na akaahidi kwamba akionyeshwa atakuwa wa kwanza kuvitupa motoni. Ndipo, alipobanwa atoe jibu la wazi, akakataa. Kuomba muda, kuomba radhi, kutenganisha mambo, kukiri kosa lake, kuomba kusahihishwa: adabu yote hiyo ilitangulia kukataa, na haikupunguza kukataa kwake hata chembe. Kwamba Luther huyohuyo katika miaka mingine aliandika mambo ambayo hatuwezi kuyasoma bila kuona haya, hasa juu ya Wayahudi mwaka 1543, ni kweli pia, wala Mlutheri hapaswi kulifunika.

Tungekuwa tumeacha jambo kubwa kama tusingetaja kina mama. Katika vikao vyetu neno la mwanamume anayepinga huitwa hoja, na neno lilelile likisemwa na mama huitwa ukaidi. Abigaili (1 Samweli 25) alimzuia Daudi asimwage damu. Mara nyingi huhubiriwa kwa ajili ya unyenyekevu wake, alivyoshuka na kuinama na kujitwika kosa lisilo lake. Ni sawa, lakini yasomwe na maneno yaliyofuata. Alimwambia mtu mwenye upanga mkononi kwamba anachokwenda kukifanya kitamsumbua moyo siku atakapokuwa mtawala. Alimpinga Daudi wa leo kwa ajili ya Daudi wa kesho. Baraza lisilomruhusu Abigaili kusema limejinyima mshauri wa namna hiyo.

Mzigo haupaswi kubebwa na anayepinga peke yake. Miezi kadhaa baada ya maziko yale tulipata ujasiri wa kumsimulia mwenyekiti yaliyokuwa yakisemwa. Hakukasirika. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Na kweli hakuna aliyemwambia; lakini pia swali lake la jioni ile halikuwa na nafasi ya kuambiwa. "Tumekubaliana?" ni swali lenye jibu moja. "Nani anapinga?" ni baya zaidi, maana linamtaka mtu ajitangaze kuwa adui. Tangu hapo, tukiongoza kikao, tumezoea kuuliza, "Ni hatari gani tusiyoiona katika jambo hili?" Swali hilo humfanya mpinzani kuwa msaidizi, na tumeona wazee wasiosema mwaka mzima wakiinua mkono.

Iko pia hekima ya zamani kuhusu mpangilio wa kusema. Mishna ya Kiyahudi, katika sehemu ihusuyo Baraza Kuu, huagiza kwamba katika kesi za kifo waamuzi waanze kutoa maoni kutoka upande wa walio wadogo, ili wasije wakaogopa kutofautiana na mkubwa aliyekwisha kusema. Sisi hufanya kinyume: mkubwa hufungua, na walio chini humaliza kwa kuunga mkono. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile walikuwapo wazee tisa, na neno liliharibika.

Jambo la mwisho ni la makatibu wa vikao, kazi ambayo wanafunzi hupewa mara nyingi wakiwa mazoezini. Mjumbe akitoa wazo tofauti, liandikwe, pamoja na sababu yake, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe akisomewa atayatambua. Si lazima jina liandikwe. Yatosha kusema kwamba mjumbe mmoja aliomba familia isikilizwe kwanza. Na katibu ambaye hana hakika kwamba wote wamekubali asiandike neno "wote". Ainue mkono, na kusema, "Samahani, mzee mwenyekiti, hapa niandikeje?"